Joto la taa ya kung'arishia meno

Pole sana dada. Umeuliza kama ni kawaida jino kuhisi moto chini ya taa, maana aliyekuhudumia pale Mwanjelwa, Mbeya, alikwambia uvumilie. Hapana, hilo si la kuvumilia. Jino likichoma, inua mkono, taa izimwe.

Kinachong'arisha hasa ni jeli ya haidrojeni peroksaidi. Taa huipasha moto ifanye kazi haraka, lakini joto hupenya hadi kwenye kiini cha jino, penye mishipa ya damu na ya fahamu. Kiini kimezungukwa na kuta ngumu; kikivimba hakina pa kutanukia. Mwaka 1965 watafiti Zach na Cohen walipasha moto meno ya kima: joto la kiini lilipoongezeka nyuzi 5.5 tu za Selsiasi, takriban asilimia 15 ya meno hayo hayakupona.

Taa za halojeni na baadhi ya leza huwa na joto kuliko za LED. Na kwa weupe wa mwisho, taa haiongezi kitu kikubwa. Mimi ningeomba jeli bila taa. Sindano ya ganzi usikubali, maumivu ndiyo kengele yako.

Baada ya kung'arishwa, meno kuingia ganzi kwa vitu vya baridi au moto hutulia ndani ya siku mbili tatu. Kwa baridi hii ya Uyole asubuhi, funika mdomo kwa mtandio, chai iwe vuguvugu. Ila jino moja likianza kuuma lenyewe usiku, usingoje, nenda kwa daktari wa meno.