Tuulize Bustani: Maua juu ya mawe meusi

Ni mwezi wa saba, vumbi limetanda, na mfuko wa barua umejaa mawe. Tunasema mawe kwa sababu barua karibu zote mara hii zimetoka Goma, mji uliolala juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Tumejibu nne na nusu. Ile nusu mtaiona mwishoni.

*Jambo wataalamu. Paseli (kiwanja) yetu iko Birere, juu ya mawe ya volkano ya 2002. Kila mara nanunua miche ya waridi na jeraniamu, naipanda katikati ya mawe na udongo kidogo, namwagilia asubuhi na jioni. Wiki mbili hazipiti, yote imekauka. Je, mawe haya yana sumu? (Mama wa Birere)*

Hapana, Mama, hayana sumu. Mawe ya Nyiragongo yana potasi na fosfori nyingi kuliko udongo wa sehemu nyingi. Yanachokosa ni naitrojeni, kwa sababu hiyo hutokana na vitu vilivyooza, na jiwe changa halijaozewa na kitu. Tena mawe yamejaa nyufa: maji unayomwaga asubuhi, saa nne yako chini mbali na mzizi. Na jiwe jeusi likipigwa na jua mchana linaupika udongo mwembamba uliolala juu yake. Mche wako unakufa kwa kiu na joto pamoja, hata kama umemwagilia mara mbili.

Kwa hiyo usipande katikati ya mawe. Pandia ndani ya shimo. Kwa mtaimbo na nyundo, toa mawe mpaka upate shimo la sentimita 50 kila upande, na kina hivyo hivyo. Shimo hilo linameza lita 125, yaani ndoo sita za lita 20 na tone. Kabla ya kulijaza, tandika chini kipande cha gunia la kufumwa, lile la mchele au la unga. Gunia linazuia udongo usiteremke kwenye nyufa, lakini linapitisha maji. Wengine hutandika shitingi ya plastiki wakidhani wanayahifadhi maji. Mvua za mwezi wa kumi na moja zikija, shimo linageuka bwawa na mizizi inaoza.

Jaza ndoo tatu za udongo wa shamba, mbili za mbolea ya ng'ombe au ya takataka za jikoni iliyooza, na moja ya changarawe nyeusi ya volkano yenye ukubwa wa punje za maharage. Mbolea ijaribu kwa mkono: ukiuingiza katikati ya lundo ukasikia joto, au pua ikachomwa, bado. Mbolea mbichi inachoma mizizi, na majani yanakauka kuanzia kwenye ncha, watu wakasingizia jua. Mwezi wa kwanza udongo utashuka kama sentimita kumi; ongeza. Juu tandaza maganda ya maharage au majani makavu ya migomba, unene wa sentimita tano, ukiacha nafasi ya vidole vinne kuzunguka shina.

Halafu badilisha umwagiliaji. Nusu kopo asubuhi na nusu kopo jioni inalowesha juu tu, na mizizi inapanda juu kuifuata. Bora lita kumi polepole kila baada ya siku tatu wakati wa kiangazi. Waridi lisubiri mpaka mvua zianze katikati ya Septemba. Kwa sasa, kama huwezi kungoja, weka shubiri, kalankoe au taji la miiba, ambayo hubeba maji yake mwilini.

Neno moja kwa walio upande wa Himbi, Keshero na barabara ya Sake: kama paseli iko kwenye bonde, uliza wenyeji kuhusu mazuku, ile hewa ya kuua inayotoka ardhini, kabla ya kuchimba. Hewa hiyo ya kaboni ni nzito na hulala mashimoni, hasa alfajiri pasipo upepo. Ukikuta mijusi na wadudu wamekufa mahali pamoja, usiiname hapo.

*Shangazi yangu wa Nguba, Bukavu, alinipa hortensia ya buluu safi. Imefika Goma, mwaka wa pili imechanua rangi ya waridi, na majani yamekuwa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Nimedanganywa? Namwagilia maji ya ziwa. (Binti wa Himbi)*

Shangazi hakukudanganya. Ua ni lile lile. Kilichobadilika ni udongo na maji. Hortensia huwa buluu pale mizizi inapopata aluminiamu, nayo huyeyuka tu kwenye udongo mchachu, kama ule mwekundu wa vilima vya Bukavu. Udongo mpya wa volkano wa Goma hauna uchachu huo, na maji ya Kivu ndiyo kabisa: pH yake huzunguka 9, na yamejaa chumvi za bikaboneti. Ukimwagilia nayo miezi sita, aluminiamu inafungwa, buluu inapotea. Chuma nacho kinafungwa, ndiyo sababu ya majani manjano yenye mishipa ya kijani. Tazama pia ukingo wa chungu: ukiona ukoko mweupe, ni chumvi hiyo hiyo.

Tumeona watu wakitia kijiko cha siki kwenye bidoni wakitumaini kuyalainisha. Kwa maji ya ziwa hili kijiko ni kama kutema mate baharini; ungehitaji karibu robo lita ya siki kwa bidoni moja, na siki hiyo heri uile na saladi. Majivu ya makala ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu yanaongeza kile kile unachokikimbia.

Dawa ni mvua. Bati la mita za mraba 20 likipata mvua ya milimita kumi linakupa lita 200, bidoni kumi kwa mvua moja. Acha dakika kumi za mwanzo zipite bila kukinga, zioshe vumbi, na siku moshi wa Nyiragongo unapoangukia mtaani kwenu usikinge kabisa. Matone hayo ni makali na huacha madoa ya kahawia kwenye majani. Mara nyingi upepo unaupeleka moshi magharibi, kwa hiyo walio karibu na Rusayo na Sake wanalijua hili vizuri kuliko sisi.

Ili upate buluu tena, iweke hortensia kwenye chungu cha upana wa sentimita 40 na udongo mwekundu. Mwombe Shangazi gunia moja, boti zipo. Kisha yeyusha kijiko kimoja cha chakula cha shabu, ile chumvi ya kutulizia maji machafu, katika lita tano za maji ya mvua, umwagilie mara moja kila wiki tatu. Kwanza lowesha udongo kwa maji matupu, la sivyo shabu inaunguza mizizi. Maua yaliyokwisha kufunguka hayatageuka; ngojea yatakayofuata.

*Nyumba kumi yetu ilipanda miche mia kando ya barabara baada ya salongo (kazi ya pamoja ya mtaa). Mbuzi wamekula, wamotari wameegesha juu, watoto wamechuma, na iliyobaki ilikauka mwezi wa nane. Tufanye nini tofauti? (Shefu wa avenyu, Katoyi)*

Papa shefu, mia ilikuwa mingi. Miche mia ya watu wote ni miche ya hakuna mtu. Anzeni na ishirini, kila mmoja mbele ya lango la nyumba fulani, na nyumba hiyo ndiyo ijibu. Mkiiachanisha mita mbili mbili, ishirini inafunika kama mita 40 za avenyu.

Mche wa kwanza uwe bugenvilia, kwa sababu haugharimu kitu. Wiki hii hii kateni vipande vya tawi lililokomaa, unene wa penseli, urefu wa sentimita 20, vyenye vifundo vitatu au vinne. Upande wa chini ukatwe mshazari ili msivipande kichwa chini (hutokea!). Vichomekeni nusu ya urefu kwenye makopo ya mchanga na udongo sawa kwa sawa, kivulini, visikauke wala kuogelea. Kateni 40, maana nusu hufa. Baada ya wiki sita hadi kumi vimeshika mizizi, na hapo mvua imefika.

Mbuzi na wamotari wana dawa moja: mawe. Goma hatuyakosi. Zungusheni kila mche kwa ukuta mdogo wa mawe yaliyopangwa bila sementi, kimo cha sentimita 60. Watoto nao watachuma tu, hakuna ukuta wa kuwazuia. Basi wapandieni ya kuchuma. Tagete, yale maua ya chungwa yenye harufu kali, hutoa maua zaidi kila yanapochumwa, na kichwa kimoja kilichokauka kina mbegu za mwaka ujao. Achaneni na lorie-rozi (oleanda) hata kama inapendeza: jani lake ni sumu kwa mtoto na kwa mbuzi.

Pandeni mita moja kutoka ukingo wa mtaro, kamwe si ndani yake. Mizizi na majani yakiziba mtaro, mvua ya kwanza kubwa itaingia sebuleni mwa jirani, na lawama zitaangukia maua.

Mwaka wa pili mtalalamika kwamba bugenvilia ina majani tu. Punguzeni maji na mbolea. Huchanua ikionja kiu kidogo. Ikilishwa sana, inanenepa.

*Nashona mashada ya harusi. Nakata waridi na arumu jioni, asubuhi vichwa vimeinama kabla bibi harusi hajafika kanisani. (Yaya wa Kadutu, Bukavu)*

Yaya, kata alfajiri, kabla jua halijanyonya maji ya shina. Jioni ua limechoka kama sisi. Tumia kisu kikali, mshazari. Mkasi butu unabana mishipa ya maji. Ondoa majani yote yatakayozama, kwa kuwa yanaoza na ute wake unaziba shina.

Katika lita moja ya maji safi tia kijiko kimoja cha chakula cha sukari, vijiko viwili vya chai vya maji ya limau, na matone manne ya javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Sukari ni chakula, limau husaidia maji kupanda, javeli huua vijidudu ambavyo sukari peke yake ingewalisha. Ndoo ioshwe kwa sabuni kila mara. Ndoo chafu ndiyo inayoua maua mengi kuliko joto.

Waridi likiinamisha shingo, kuna hewa ndani ya shina. Kata tena sentimita mbili huku shina likiwa ndani ya maji, lifunge kwa gazeti lisimame wima, uliache kwenye maji ya uvuguvugu hadi shingoni kwa saa mbili. Likikataa, liweke kando, halirudi. Arumu vaa glavu: utomvu wake unawasha ngozi na kuacha doa kwenye nguo nyeupe.

Na ndizi! Usilaze maua chumba kimoja na ndizi au avokado zinazoiva. Zinatoa gesi inayozeesha maua usiku mmoja. Gari likibeba ndizi za karamu na mashada pamoja, usishangae.

*Visahani chini ya vyungu vinaleta mbu? (bila jina)*

Ndiyo. Yai la mbu huwa mbu mwenye mabawa kwa siku saba hadi kumi. Mwaga maji ya visahani kila Jumamosi na usugue ukingo, mayai ya mbu wengine hung'ang'ania hapo.