Hati Ikiibwa, Ardhi ni ya Nani?

SWALI: Nimesoma kwamba Waanglo-Saksoni wa Uingereza ya kale walikuwa na "ardhi ya kitabu". Ilitofautiana vipi na ardhi nyingine, na je, mwenye ardhi akipoteza hati alipoteza na ardhi yenyewe?

JIBU: Ndugu msomaji, wenyewe waliiita bocland, na neno boc kwao lilikuwa kitabu na hati pia. Ardhi ya kawaida, folcland, ilifuata mila: ilibaki katika ukoo na ilidaiwa kodi na huduma za mfalme. Bocland ilitolewa na mfalme kwa maandishi, na aliyepewa aliweza kumwachia amtakaye kwa wosia. Walioanza kunufaika ni watawa, katika karne ya 7, kwa kuwa mtawa hana mtoto wa kumrithi. Hati ya mwezi Mei 679, ambayo kwayo Hlothhere, mfalme wa Kent, mojawapo ya falme za Uingereza ya wakati huo, alimpa ardhi Abati (mkuu wa watawa) Berhtwald wa Reculver, ipo hadi leo katika ngozi ileile iliyoandikwa mwanzo. Baadaye hata mabwana wasio watawa walipewa, ingawa kwa kawaida wajibu wa kwenda vitani, kujenga madaraja na kujenga ngome haukusamehewa. Tena sheria ya mfalme Alfred ilimkataza mrithi kuitoa nje ya ukoo, iwapo aliyeipata mwanzo alikuwa ameweka katazo hilo.

Swali lako la pili ndilo lenye uzito. Mfalme Æthelbald wa Mercia, ufalme mwingine wa Uingereza, alipolikabidhi kanisa la Canterbury monasteri ya Cookham, kando ya mto Thames, aliagiza bonge la udongo wenye majani kutoka shamba lile liwekwe juu ya altare pamoja na hati zake. Askofu mkuu Cuthbert wa Canterbury alipofariki, watu wawili waliziiba hati hizo na kumpelekea Cynewulf, mfalme wa Wessex, naye akajitwalia monasteri. Baadaye Offa wa Mercia alimnyang'anya Cookham, akaishikilia bila hati yoyote. Cynewulf alijuta, akazirudisha hati Canterbury, lakini ardhi haikurudi nazo. Mwaka 798 tu ndipo hati zilisomwa mbele ya baraza la maaskofu, likathibitisha kwamba haki ni ya kanisa. Hata hivyo Abesi (mkuu wa watawa wa kike) Cynethryth, mjane wa Offa, alibaki na Cookham kwa kulipa kanisa ardhi nyingine huko Kent. Kwa hiyo mwizi wa hati aliweza kumweka mwenye haki nje kwa miaka mingi, na mwenye hati naye alihitaji baraza lililo tayari kumsikiliza.