Maswali na Majibu: Mipira ya Maji Botini

Safari hii maswali mengi ya wenye boti wa Tanga na Pangani yamehusu mipira ya maji. Tumeyafupisha bila kubadili maana.

Najazia tangi la maji ya kunywa kwa mpira wa kijani wa bustani. Abiria wanalalamika maji yananuka plastiki. Kosa ni la tangi au la mpira?
*Mwenye boti ya watalii, Ras Kazone*

Mara nyingi ni la mpira. Mpira wa bustani wa bei ya chini ni PVC iliyotiwa kemikali za kuilainisha. Ukilala juani, maji yaliyobaki ndani yanapata moto na kuzinyonya. Viungio vyake vya shaba navyo vinaweza kuwa na madini ya risasi. Tafuta mpira ulioandikwa kuwa ni wa maji ya kunywa: angalia alama ya NSF 61, kiwango cha vifaa vya maji ya kunywa, au ile picha ya glasi na uma. Weupe au ubuluu peke yake si ushahidi, rangi kila kiwanda kinayo. Ule wa kijani usiutupe, uoshee sitaha na nyavu, lakini usiruhusu mipira hiyo miwili ibadilishane kazi hata siku moja.

Hata mpira bora una maji mabaya kwenye dakika ya kwanza. Mita 25 za mpira wenye kipenyo cha nusu inchi hubeba lita 3 na kidogo, za robo tatu ya inchi hubeba lita 7. Mwaga kiasi hicho chote, endelea hadi maji yatoke ya baridi, ndipo ujaze. Usizamishe ncha ya mpira ndani ya tangi.

Kila baada ya miezi michache uutibu. Ndoo ya lita 10 ya maji safi, jiki isiyo na manukato: mililita 100 kama chupa imeandikwa 5%, mililita 150 kama ni 3.5%. Jaza mpira kwa mchanganyiko huo, ziba ncha zote mbili, acha saa 4, kisha suuza hadi harufu iishe. Jiki isikutane na siki wala dawa ya choo yenye asidi, zinatoa gesi ya klorini ambayo inachoma mapafu.

Tangi la lita 200 linanichukua karibu nusu saa kujaa. Simtank iko juu ya mnara wa mita 3, mpira ni wa nusu inchi, mita 25. Ninunue pampu?
*Nahodha, Sahare*

Bado. Badilisha mpira kwanza. Mnara wa mita 3 unakupa presha ya ba 0.3 tu (ba ni kipimo cha presha). Mpira wako, ili upitishe lita 15 kwa dakika, unadai karibu ba 1 kwa ajili ya msuguano pekee, presha ambayo huna. Ndiyo maana unapata lita 7 au 8 kwa dakika, na nusu saa yako inapatikana hapo. Mpira wa robo tatu wa urefu uleule unakula kama sehemu moja ya saba ya presha hiyo. Tarajia lita 20 hivi kwa dakika, yaani kazi ya dakika 10. Lakini koki na viungio navyo viwe vya robo tatu, maana watu hununua mpira mnene kisha wakaufunga kwenye koki nyembamba wakashangaa.

Lipo na jambo la bure. Presha yako inahesabiwa kutoka usawa wa maji ya simtank hadi mdomo wa tangi la boti. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, maji ya Tanga hushuka mita 3 hivi, kwa hiyo ukijaza yakiwa yamepwa, presha inakaribia mara mbili ya ile ya maji kujaa. Sharti ni boti iwe bado inaelea, na mpira uwe na ulegevu wa kutosha. Mpira uliokazwa wakati wa maji kujaa utang'oa kiungio bahari ikishuka.

Mgeni wangu ana boti iliyotoka Marekani. Kiungio chake ni robo tatu, koki yetu ni robo tatu, lakini haviingiliani. Nikaze kwa spana?
*Mlinzi wa gati*

Usikaze, utaharibu vyote viwili. Koki za kwetu ni za meno ya BSP, kipimo cha Kiingereza, 14 kwa inchi. Mipira ya Kimarekani ina meno 11 na nusu kwa inchi. Vitashikana mzunguko mmoja, halafu meno yanaliwa. Kinachotakiwa ni adapta. Asiyeipata akate kiungio cha zamani, afunge cha BSP kwa klipu.

Kuna ubaya kuacha boti imeunganishwa na maji ya bomba usiku kucha?
*Msomaji, Pangani*

Upo, tena mkubwa. Tangi la boti hutoa kilichomo na basi. Bomba la mji halina mwisho. Kiungio cha ndani kikiachia, lita 15 kwa dakika ni lita 900 kwa saa, karibu tani nzima ndani ya ngama, yaani sakafu ya chini kabisa ya boti. Pampu ya ngama itapambana mpaka betri ife. Funga koki ya gatini kila unapotoka botini, hata kama unaenda kula tu. Anayetaka kuunganisha moja kwa moja aweke kidhibiti presha kwenye tundu la kuingizia maji.

Pia maji ya mji yakikatika, bomba linaweza kunyonya badala ya kusukuma. Ncha ikiwa imezama kwenye ndoo ya sabuni au tangi chafu, uchafu huo unasafiri kurudi kwenye bomba, na jirani ndiye atakayeunywa. Valvu ya kuzuia maji kurudi, inayofungwa mdomoni mwa koki, inamaliza tatizo hilo.

Mashine ya nje, ile inayofungwa nyuma ya boti, naiosha vipi kwa mpira? Kila mtu ana lake.
*Mvuvi, Deep Sea*

Zipo njia mbili, na kuzichanganya ndiko kunakoua mashine. Ukitumia masikio ya mpira, yaani vikombe viwili vinavyobana kwenye matundu ya kunyonyea maji: fungulia maji kwanza, washa mashine ikiwa huru, iache iungurume polepole dakika 5 hadi 10 huku ukiangalia tundu la ushahidi, lile dogo linaloonyesha kuwa maji yanazunguka, linatoa maji. Zima mashine, ndipo ufunge maji. Ukianza bila maji, impela ya pampu, yaani kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji, inakauka na kuungua kwa muda mfupi mno.

Lakini kama unachomeka mpira kwenye kiungio maalumu cha kusafishia, kilichopo kwenye mashine nyingi za kisasa, kwa kawaida mashine haitakiwi kuwashwa kabisa. Maji ya njia hiyo hayaifikii vya kutosha impela iliyo chini. Soma kitabu chake.

Mpira wa maji wa kupitisha mwanga unafaa kwa petroli? Ni rahisi kuona kama mafuta yamefika.
*Fundi kijana, Kigombe*

Haufai. Petroli inanyonya kilainishi, mpira unakauka, unasinyaa na kupasuka kwenye klipu, na kile kilichonyonywa kinakwenda kunata kwenye kabureta. Tumia mpira wa mafuta, na kwa injini iliyofungiwa ndani uwe wenye alama ya ISO 7840, unaostahimili moto.

Mpira unaopeleka maji ya bahari kwenye injini unatakiwa uweje?
*Mwenye mashua ya injini*

Uwe na waya ndani ya ukuta wake, kwa sababu upande wa kunyonya mpira laini hujibana na injini ikachemka. Kila ncha ya chini ya usawa wa maji ipate klipu mbili za chuma cha pua cha daraja la 316, kama shina la kiungio lina urefu wa kuzibeba. Unapokagua usiridhike na kung'aa kwa utepe. Legeza klipu na utazame sehemu inayojificha chini ya skrubu, ndipo kutu inapoanzia. Mpira uliotutumka, uliolainika au wenye nyufa ukiukunja, utoe siku hiyohiyo. Kwenye kila koki ya chini ya maji ning'iniza zibo la mbao laini lenye umbo la karoti, la kipenyo cha tundu hilo, lifungwe kwa kamba palepale. Likiwa kwenye sanduku la vifaa halitapatikana gizani.