Utulivu wa Binti Usitudanganye

Nilipokuwa mdogo nilisifiwa kwa utulivu. Nikiwa kifungua mimba, niliosha vyombo na kuwabembeleza wadogo zangu hadi walale, ndipo nikafungua daftari usiku, na hakuna aliyeniuliza kama nimechoka, kwa kuwa sikulalamika. Niliyakumbuka hayo nilipoanza kuwalea wasichana wawili: binti yangu wa miaka 14, na binti wa marehemu dada yangu, mwenye miaka 16, aliyehamia kwetu baada ya msiba.

Mizigo yao haikufanana. Binti yangu alilemewa na simu. Picha moja ya sherehe ambayo hakualikwa ilitosha kumkesheza. Mwenzake alilemewa na deni la shukrani. Aliamka kabla yetu sote, akafagia, akapika, na kila nilipotaka kumnunulia nguo alisema alizonazo zinamtosha. Wageni walimsifu, nami nikamsifu, na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu kila sifa ilizidi kumfundisha kwamba nafasi yake nyumbani hulipiwa kwa kazi. Mwaka 2016 UNICEF ilieleza kuwa wasichana wa miaka 5 hadi 14 duniani hutumia muda unaozidi wa wavulana wa rika lao kwa asilimia 40 katika kazi za nyumbani zisizo na malipo. Nyumbani kwangu pengo hilo nililichimba mwenyewe.

Ukiwa mlezi, kwanza gawa kazi upya, wavulana wakiwemo, kabla ya kumwambia binti apumzike. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Kwetu simu zote, na yangu ikiwemo, hulala sebuleni.

Kuhusu mazungumzo, nilichelewa kujifunza. Mara ya kwanza binti wa dada yangu aliponiambia kwamba anamwota mama yake, nilikimbilia kumpa nasaha, naye akanyamaza kwa wiki nzima. Sasa tunakunja nguo pamoja, macho yakiwa kwenye nguo, nami namuuliza tu ni nini kilichomchosha siku hiyo, kisha nasubiri, hata kimya kikiwa kirefu kiasi cha kuniumiza. Akianza kusema, simkatizi.

Juzi alinieleza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba hataosha vyombo usiku ule kwa sababu amechoka. Nikaviosha mimi.