Uji wa lishe hautoshi baada ya operesheni ya kupunguza uzito

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mwalimu, nina miaka 41. Nina kisukari na natumia metformini na glibenklamidi. Mwezi ujao naenda India kufanyiwa operesheni ya kukata sehemu ya mfuko wa chakula. Daktari amenipa ratiba ya kula kidogo sana kwa wiki mbili kabla ya safari, lakini wifi yangu ananiambia nile ninachokitamani sasa, maana nikirudi ndiyo basi tena. Halafu kuna dada anauza unga wa lishe wa nafaka kumi na mbili pamoja na dawa ya kusafisha tumbo. Anasema nikiwa na uji huo, vitamini za hospitali nizimeze miezi mitatu tu kisha niache kwa sababu ni kemikali. Anasema amewahudumia wengi waliokatwa na wote wazima. Nimfuate? — Msomaji, Morogoro.

JIBU: Usimfuate, dada yangu. Na wifi mwambie asubiri.

Hizo wiki mbili nitazipitia haraka. Upande wa kushoto wa ini umelalia mfuko wa chakula. Daktari anayeingia kwa matundu madogo lazima alinyanyue ini ndipo aone anachokikata, na kwa mtu mwenye uzito mkubwa na kisukari juu yake, ini mara nyingi limejaa mafuta, ni zito na huchanika kirahisi. Ukipunguza wanga na mafuta kwa siku hizo, linasinyaa. Ukizitumia kuagana na biriani na chipsi, unaweza kufika huko ukaambiwa operesheni imeahirishwa, na nauli imeshaliwa.

Kuna jambo hukuniuliza, nami naliona la haraka kuliko yote. Glibenklamidi hushusha sukari ya damu uwe umekula au hujala. Ukianza ratiba hiyo huku unameza dozi ileile ya siku zote, unaweza kuanguka darasani. Mwone daktari wako wa kisukari kabla ya siku ya kwanza aibadilishe dozi. Siyo uibadilishe wewe, wala muuza unga.

Sasa tuje kwake. Kila wiki nakutana na mtu aliyepitia mikononi mwa muuzaji kama yeye. Kwetu mgonjwa ni uji. Katolewa jino, kajifungua, kavunjika mguu: uji. Ndiyo maana neno la huyo dada linaingia masikioni bila kubisha hodi. Lakini tupige hesabu. Baada ya operesheni yako utabaki na robo ya mfuko wa chakula, au pungufu. Miezi ya mwanzo mlo mmoja utakuwa kama nusu kikombe cha chai. Humo ndani unga ni kama gramu 15, mengine maji. Hata tukimfanyia hisani tuseme unga wake una protini asilimia 12, hapo hujafikisha hata gramu 2. Kunywa mara sita kwa siku, hujafika 12. Unachohitaji ni gramu 60 kwa siku, wengine hadi 80. Pengo hilo mwili unaliziba kwa kula misuli yake wenyewe. Mizani inashuka, mtu anashangilia, kumbe sehemu ya anachokipoteza ni mapaja yaliyokuwa yakimpandisha ngazi.

Mfuko wa chakula umepunguzwa. Mahitaji ya damu, mifupa na neva yako palepale. Kwa hiyo kila kijiko kina kazi, na protini ndiyo inatangulia. Utakapofika hatua ya chakula laini: samaki aliyechambuliwa miiba, yai (lina kama gramu 6), mtindi usiotiwa sukari, maharage yaliyopondwa na kuchujwa maganda. Maziwa ya kunywa unaweza kuyaongeza nguvu kwa kuyakorogea maziwa ya unga yasiyo na mafuta. Dagaa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Waoshe mchanga kwelikweli, wakaange bila mafuta, wasage, tia vijiko viwili kwenye supu. Ni rahisi kuliko makopo ya unga wa protini wa bei mbaya, ingawa wiki za vimiminika huenda ukalihitaji kopo moja, na hapo sina ugomvi nalo. Uji sijaupiga marufuku. Uje baadaye, mwepesi, wenye maziwa, usichukue nafasi ya samaki. Maji kunywa kwa mafunda madogo kutwa nzima, ila usiyachanganye na chakula. Subiri nusu saa baada ya kula. Madafu na juisi ni sukari.

Kuhusu vidonge, hapa ndipo huwa napandisha sauti. Hao “wengi wazima” aliokutajia huenda wapo kweli. Vitamini B12 ini huihifadhi kwa muda mrefu, hata miaka. Mtu anaacha vidonge mwezi wa tatu, mwezi wa kumi anapiga picha akiwa mwembamba, na muuzaji anaisambaza. Mwaka wa pili au wa tatu miguu inaanza kufa ganzi, kumbukumbu inapungua, damu inashuka, na hapo muuzaji hayupo. Ganzi ya neva ikikaa muda mrefu haiondoki yote hata ukipigwa sindano. Wewe uko karibu zaidi na shimo hilo, kwa sababu metformini nayo hupunguza B12 mwilini. Vidonge hivi ni vya maisha: multivitamini, B12, vitamini D, kalsiamu, na madini ya chuma kwa kuwa bado unapata hedhi. Chuma na kalsiamu viachane walau saa mbili, na chuma usikishushie na chai. Kabla ya safari pima wingi wa damu, akiba ya chuma, B12 na vitamini D. Watu hudhani mnene ameshiba kila kitu, wakati wengi huingia chumba cha operesheni tayari wana upungufu.

Dawa ya kusafisha tumbo isikanyage nyumbani kwako. Nyingi ya hizo ni sanamaki au kitu cha kuharisha kilichopewa jina zuri. Inatoa maji na potasiamu, mizani inashuka kilo mbili kwa siku mbili, mafuta yako palepale. Kwa mtu anayekunywa kwa mafunda, upungufu wa maji kama huo unampeleka wodini.

Na hili ni la kila aliyefanyiwa operesheni ya aina hii, ya kukata au ya baipasi (ya kukipitisha chakula njia ya mkato kwenye utumbo), na hata waliowekewa puto ndani ya mfuko wa chakula ili washibe haraka, ambalo siku hizi huwekwa hapahapa nchini, hospitali ya Mloganzila. Kutapika kila siku siyo dalili kwamba operesheni “inafanya kazi”. Nimewasikia wanaoambiana hivyo kwenye magrupu na nimechoka. Akiba ya vitamini B1 mwilini ni ndogo, huisha ndani ya wiki mbili tatu kwa mtu anayetapika na kuishi kwa uji wa sembe. Kisha mtu anayumba akitembea, macho yanaona vitu viwiliviwili, anaongea mambo yasiyoeleweka. Familia inasema ni majini, inampeleka kwa mganga, naye anazidi kumnywesha dawa za kutapisha. Wengine hufika hospitali wakatundikiwa dripu ya glukosi, na glukosi bila B1 huweza kuharibu ubongo zaidi, kwa sababu mwili unatumia tone la mwisho la vitamini hiyo kuichoma hiyo sukari. Sindano ya B1 hutangulia, au angalau huenda pamoja na dripu.

Kwa hiyo huko India usiondoke bila barua inayotaja aina ya operesheni, tarehe na vidonge vyako. Toa nakala mbili, moja abaki nayo huyo wifi yako. Ukitapika zaidi ya siku mbili mfululizo nenda hospitali, na atakayekuja na dripu aoneshwe hiyo barua kabla hajakutafuta mshipa.