Chupa ya kumi na tatu: kubofya mara moja na mara mbili

Niliwahi kumwandikia mama mmoja mwenye agroveti karibu na soko la Kibuye, hapa Kisumu, programu ya kuhesabu stoo. Niliitengeneza kwa lugha ya Python na Tkinter, maktaba yake ya kutengenezea madirisha na vitufe. Ukibofya jina la dawa mara moja, umeuza chupa moja. Ukibofya mara mbili, umeuza katoni nzima, chupa 12. Nilijiona fundi kweli.

Wiki haikuisha, akanipigia simu. “Mwanangu, hii chupa ya 13 ameuziwa nani?”

Kila katoni ya dawa ya kupe ilikuwa inatoka 13. Kosa halikuwa la hesabu. Kompyuta haiwezi kubashiri kama kidole kitarudi, kwa hiyo bofyo la kwanza linaripotiwa papo hapo kama bofyo la kawaida, chupa moja inaondoka, halafu la pili linakuja na katoni yake. Kwenye kivinjari ningeumia zaidi: huko unapokea click mbili (taarifa za bofyo moja moja) kabla ya dblclick (taarifa ya bofyo mara mbili), yaani chupa 14.

Nikakimbilia saa, kama wengi wetu. Bofyo la kwanza lisubiri milisekunde 500 kwa after, amri ya Tkinter ya kuchelewesha kazi. La pili likifika, after_cancel inalifuta. Hesabu ikanyooka, lakini nikaleta balaa jingine. Mteja anataka chupa moja, mama anabofya, skrini kimya. Anadhani haijashika, anabofya tena. Katoni imeuzwa! Nusu sekunde ni ndefu sana kwa mtu aliye na foleni kaunta.

Dawa yenyewe ilikuwa kuacha ujanja. Sasa kubofya mara moja kunachagua dawa tu, mstari unageuka buluu. Kubofya mara mbili kunauza chupa moja. Katoni ina kitufe chake. Ndivyo mafaili yanavyofanya kazi kwenye folda: la kwanza linachagua, la pili linafungua, na la kwanza halijaharibu kitu. Panga hivyo kabla hujagusa saa yoyote.

Ikibidi usubirishe, basi usiandike 500 kwa mkono. Hiyo ni kasi ya kawaida ya Windows, na mwenye mashine anaweza kuibadilisha. Iulize Windows kwa amri yake, GetDoubleClickTime. Vidole vya mama si vyako.

Bado chupa ilitoka kwa bofyo moja siku fulani, wakati bofyo moja linatakiwa kuchagua tu. Nilikagua msimbo wa programu jioni nzima. Kumbe ni kipanya, swichi yake ilikuwa imechoka, bofyo moja linatoka mawili.