Batani haikubali click() ya kodi? Cheki kwanza inasikiliza nini

Wanaojifunza JavaScript wananiulizaga sana hili, mbona nikibonyeza kwa mkono inakubali ila nikiandika element.click() kimya? Mimi huwa nawaambia wacheki batani yenyewe inasikiliza nini. Ukibonyeza mausi kwa mkono brauza inatuma msururu mzima wa eventi (taarifa kwa kodi kwamba kitu kimetokea), pointerdown, mousedown, pointerup, mouseup, halafu ndo inakuja click. Ile click() ya kwenye kodi inatuma hiyo ya mwisho peke yake, kwahiyo menyu iliyoandikwa ifunguke kwenye pointerdown (na siku hizi zipo kibao) utaiita mpaka uchoke. Kwenye Chrome fungua DevTools (vifaa vya developa, bonyeza F12), chagua elementi, nenda Event Listeners, utaona kila kitu.

Ukiamua kutuma eventi mwenyewe kwa dispatchEvent na new MouseEvent, weka bubbles: true, yaani eventi ipande kwenda kwenye elementi za juu yake. Usipoweka inakuwa false, na React (maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa) kuanzia toleo la 17 inasikilizia huko juu kwenye root, elementi inayobeba app nzima, sasa eventi isipopanda React itajuaje? Elementi za SVG (michoro ya ndani ya ukurasa) hazina click() kabisa, hapo dispatchEvent ndo njia. Batani ikiwa disabled (imezimwa) click() haifanyi kitu. Na kufungua sehemu ya kuchagua faili bila mtu kugusa ukurasa brauza inagoma, na ni haki yake, inamlinda mtumiaji.

Ila kwenye testi, zile kodi zinazojaribu saiti zenyewe, ndo naomba mnisikilize jamani. Kuna saiti niliyoifanyia kazi, batani ya Lipa ilikuwa imefunikwa na lile tangazo la cookies kwenye simu ndogo, mteja anagusa wee, anagusa tangazo tu. Testi zote kijani, yaani zimepita! Kwasababu click() haijali kama kuna kitu juu ya batani, inapita tu. Tulipohamia Playwright (zana ya kuendesha brauza kwenye testi) ikakataa, maana yenyewe inasubiri batani ionekane, itulie, isiwe disabled na isiwe imefunikwa, ndo ibonyeze. Selenium, zana nyingine ya aina hiyo, nayo ukitumia click yake ya kawaida inakutupia ElementClickInterceptedException, yaani kuna kitu kimezuia click. Watu wakiona hiyo error wanakimbilia force: true ya Playwright au executeScript ya Selenium, kulazimisha click ipite, ili mambo yaishe, msifanye hivyo, hiyo error inakuonyesha kile anachokutana nacho mteja. Sisi tulihamishia tangazo sehemu ya juu kabisa ya ukurasa, mbali na batani, testi ikapita bila kulazimisha chochote.